Tumehamia Iringa na watoto watatu: tungoje Ruaha ya Desemba au tuanze na vya karibu?

"Habari za kazi, kaka. Mume wangu alihamishwa kikazi, tukahamia Iringa kutoka Dar mwezi Januari. Tuna watoto watatu: wa kiume yuko kidato cha pili, wa kike ana miaka tisa, na kitinda mimba wa miaka minne. Tangu tufike maisha ni nyumbani, shule, kanisani, sokoni, basi. Mkubwa analalamika kwamba huku hakuna bahari wala pa kwenda, wikiendi anashinda chumbani na simu. Baba yao anasema tujibane, tuweke akiba mpaka likizo ya Desemba twende Hifadhi ya Taifa ya Ruaha mara moja, safari ya maana. Mimi naona Desemba ni mbali. Gari letu ni IST. Nimesikia vivutio vya huku ni vya wazungu, bei ni za dola, na bila gari kubwa hufiki. Na ninaogopa mbung'o na malaria kwa huyu mdogo. Tufuate mpango wa baba au kuna pa kuanzia? Na mdogo nimwache kwa jirani?"

Dada, poleni na uhamisho, na karibuni Nyanda za Juu Kusini. Kazi yangu ni kuongoza wageni ukanda huu, na swali lako naletewa mara nyingi na familia zinazotoka Pwani, ila wengi huniuliza wakiwa wameshalipia safari. Wewe umewahi. Naona una maswali mawili yaliyofungwa pamoja. La kwanza ni la Ruaha: lini, kwa gari gani, kwa pesa gani. La pili ni la kijana wako anayeona amehamishiwa mahali pasipo na kitu. Mpango wa baba unajibu la kwanza kwa sehemu tu, la pili haujibu kabisa, maana kuanzia sasa hadi Desemba bado kuna wikiendi nyingi za kushinda chumbani.

Nianze na Desemba, kwa sababu hapo ndipo pesa yenu inaweza kupotea.

Dar mmezoea mvua za vuli na za masika. Huku msimu wa mvua ni mmoja: unaanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kwenda hadi Aprili, kisha kunakauka. Likizo ya Desemba inaangukia mvua zinapoanza kushika, na ya Juni inaangukia kiangazi kinapoanza. Kwa mtu anayekwenda Ruaha kwa mara ya kwanza, na watoto, tofauti ya likizo hizo mbili ni kubwa kuliko tofauti ya hoteli ya bei rahisi na ya bei ghali.

Sababu yake ni maji. Mvua ikinyesha, kila kidimbwi porini kina maji na kila bonde lina nyasi. Mnyama hana haja ya kuja mtoni, anatawanyika kwenye hifadhi ambayo ni miongoni mwa kubwa kabisa nchini. Nyasi zinapanda, majani yanaziba, na simba aliyelala hatua kumi kutoka barabarani unampita bila kumwona. Kiangazi mambo yanageuka. Vidimbwi vinakauka, majani yanapukutika, na wanyama wanalazimika kusogea kwenye mto Ruaha Mkuu na vijito vyake. Hapo huhitaji kuzunguka sana. Unazima gari mahali pazuri kando ya mto, unangoja.

Ukibahatika kufika mto Mwagusi kiangazi, utamkuta tembo amesimama katikati ya mchanga mkavu, na mtoto atakuuliza anafanya nini pale pasipo na maji. Mwambie atulie aangalie. Tembo anapiga mchanga kwa mguu wa mbele, anauzoa kwa mkonga na kuutupa pembeni, anachimba mpaka shimo linameza nusu ya mkonga. Kisha anasimama tu. Anasubiri, kwa sababu maji ya mto huo hayakuisha, yalishuka na kuendelea kutembea chini ya mchanga, na yanahitaji muda kuchujika kuingia shimoni. Wakati mwingine ya kwanza huyatema, yana matope. Akishiba na kuondoka, nyani wanakuja kugombea shimo lake. Nimeona watoto walioingia hifadhini wakiulizia simba tu wakikataa kuondoka mahali hapo.

Sisemi masika hakuna faida. Hifadhi inakuwa kijani, ndege wanakuwa wengi ajabu, swala wanazaa, na wageni ni wachache. Mimi mwenyewe napenda Ruaha ya Februari. Lakini mpenda ndege mwenye darubini si sawa na mtoto wa miaka minne anayetaka kuona twiga kabla ya kuchoka, na udongo mweusi wa baadhi ya njia za ndani ukilowa unanasa hata magari yenye nguvu. Kwa hiyo mwambie baba wazo lake ni zuri, alichokosea ni mwezi. Kama akiba imetosha, nendeni likizo hii ya Juni. Kama haijatosha, vuteni mpaka likizo fupi ya Septemba, bado ni kiangazi kizuri ingawa joto linakuwa limepanda.

Sasa hilo la dola. Dola ni kwa mgeni asiye mkazi. Raia wa Tanzania na wa Afrika Mashariki wana viwango vyao kwa shilingi, na viko chini mno ukilinganisha. Mtoto chini ya miaka mitano haingii kwenye hesabu ya kiingilio kabisa, na aliye kati ya mitano na kumi na mitano ana kiwango cha mtoto, kwa hiyo hata huyo wa kidato cha pili huenda bado ananufaika. Kinachowakwamisha watu getini ni ushahidi. Bebeni vitambulisho vya Taifa vya wakubwa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kopi zinatosha kuanzia mazungumzo lakini halisi zinamaliza. Malipo hayafanyiki kwa fedha taslimu. Mnapewa namba ya malipo, mnalipa kwa simu au benki, kwa hiyo hakikisheni salio liko kwenye simu kabla hamjafika mahali ambapo mtandao unakuja na kuondoka.

Watu hupiga hesabu ya kiingilio cha kichwa wakasahau vingine: gari nalo linalipiwa kufuatana na uzito wake, kulala ndani ya hifadhi kuna tozo yake, na mafuta si kidogo. Kwa kawaida kiingilio cha familia ya raia ndicho sehemu ndogo ya bajeti, gari ndilo linalokula. Njia ninayowashauri watu wa hali yenu ni kutafuta familia nyingine moja, wazazi wa darasani kwa binti yako au wafanyakazi wenzake baba, mkodi gari moja kubwa lenye dereva anayeijua hifadhi na mgawane.

Maana IST, dada, haina jibu moja. Kwa vivutio vya kuzunguka mji inatosha kabisa. Kufika geti la Ruaha kiangazi, kuna wanaofika nayo, wakienda polepole na kuvumilia makorongo. Ndani ya hifadhi mimi sikushauri. Gari fupi halikupi urefu wa kuona juu ya vichaka, tumbo lake linagonga mawe, na likikwama hamruhusiwi kushuka kulisukuma mnavyotaka kama mko Tabata.

Na ondoeni wazo la kwenda asubuhi na kurudi jioni. Kutoka mjini ni kama kilomita 130 kupitia Tungamalenga, na kwa njia ile muda unakwenda. Mkitoka saa 12 asubuhi mtaanza kuangalia wanyama jua limeshachoma. Simba analala sehemu kubwa ya siku, na wanyama wengi wa huku wanatembea kukiwa na baridi: alfajiri mpaka kama saa 3, kisha tena kuanzia saa 10 jioni. Katikati ya hapo mtazunguka na watoto waliochoka, kwenye joto, mkiangalia miti. Laleni usiku mmoja. Ndani, eneo la Msembe, hifadhi ina mabanda ya kawaida ambayo familia ya mshahara inayaweza, na nje ya geti, Tungamalenga, kuna nyumba za kulala za bei tofauti. Ukilala ndani, ukaingia mchana, unapata mzunguko wa jioni na wa alfajiri bila kupoteza muda kwenye geti. Ukilala nje, uliza kwanza kibali chako kinaruhusu kutoka na kurudi au utalipa upya. Usiku kuendesha ndani hairuhusiwi, kwa hiyo msichelewe barabarani.

Hiyo ndiyo Ruaha. Sasa hizo wikiendi nyingine.

Hii habari kwamba vivutio ni vya wazungu inatokana na jinsi tunavyovitangaza, kosa si lenu. Ukiuliza mtu wa mjini "nitembee wapi", atakutajia Ruaha, basi, wakati Isimila, eneo la zana za mawe za kale, ipo umbali wa kama kilomita 20 tu kwa barabara ya lami ya kwenda Mbeya. Mngeweza kwenda Jumamosi hii. Zana za mawe za pale zilianza kutambuliwa mwaka 1951, na mwaka 1957 hadi 1958 mwanaakiolojia Clark Howell akachimba. Vipimo vilivyofanywa baadaye vilizipa umri wa takriban miaka 260,000. Nenda ukijua hivyo, lakini usimwambie mtoto namba hiyo kwanza, haina maana kichwani mwake. Mpeleke mahali ambapo mawe yamelala chini, mengine makubwa kuliko kiganja cha mtu mzima, yamechongwa pande zote mbili mpaka yana ncha upande mmoja na mgongo wa kushikia upande wa pili. Mwambie afikirie angeshika wapi kama anataka kukata nyama. Atanyoosha mkono mwenyewe kwa ishara, na ishara itaangukia palepale. Kugusa uliza mlinzi, kuchukua hapana. Hata kijiwe kidogo kabisa kinalindwa na sheria ya mambo ya kale, na kila mgeni akiondoka na kimoja hakuna kitakachobaki.

Baada ya hapo mtashuka bondeni kwenye nguzo za udongo. Msimamizi atawaeleza, ila mueleze mkubwa mapema ili asione ni mchanga tu: zamani eneo hilo lilikuwa na ziwa la kina kifupi, likajaa tope na mchanga tabaka juu ya tabaka, baadaye maji ya mvua yakakata na kusomba. Palipokuwa na kofia ngumu juu, tabaka za chini zilikingwa zikabaki zimesimama. Bonde lina joto na halina kivuli cha kutosha, kwa hiyo fikeni saa 3 asubuhi, viatu vya kufunika vidole, maji ya kunywa ya kutosha. Kipindi cha mvua pale chini kunateleza. Viingilio vya raia ni vya elfu kadhaa. Bila gari, panda basi dogo la kuelekea Mafinga, utashushwa njia panda, kisha mnatembea.

Kwa kijana wa kidato cha pili, mimi ningeweka uzito Kalenga, ilipokuwa ngome ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe. Iko kama kilomita 15, njia hiyohiyo ya Ruaha. Shuleni anasoma upinzani dhidi ya Wajerumani kama orodha ya majina na miaka ya kukariri, halafu anaishi mahali ulipotokea na hajui. Mnakumbuka mlivyokuwa mnakuja na mizigo, baada ya kumaliza mlima Kitonga mkakaribia mji? Mlipita Lugalo. Hapo, tarehe 17 Agosti 1891, Wahehe walivizia kikosi cha Wajerumani na kukisambaratisha, na kamanda wake, Emil von Zelewski, aliyejulikana pwani kwa jina la Nyundo, akauawa. Wajerumani walirudi mwaka 1894 na mizinga, wakaibomoa ngome ya Kalenga. Mkwawa akaendelea kuwasumbua porini mpaka 1898, alipojiua asikamatwe. Kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani, na fuvu likarudishwa mwaka 1954, gavana Edward Twining akilikabidhi kwa mjukuu wake, Chifu Adam Sapi, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge letu.

Fuvu hilo liko Kalenga, kwenye kabati la kioo. Hapa sipendi kumficha mzazi: mtoto wa miaka minne hana kazi nalo. Baba abaki naye nje, kuna nafasi ya kukimbia. Huyo wa miaka tisa mwelezeni nyumbani kabla ya safari kwamba ataona fuvu la mtu halisi ambaye ndugu zake bado wapo, na kwamba akitaka kutoka atatoka. Mwacheni mkubwa amuulize msimamizi maswali yake mwenyewe, nanyi wazazi mnyamaze. Ninasema hivi kwa sababu wazazi wanapenda kuuliza kwa niaba ya watoto, na mtoto anarudi kwenye simu.

Mjini penyewe pana mambo ya nusu siku. Makumbusho ya Boma iko kwenye jengo la zamani la Wajerumani, na inafaa siku ya baridi au manyunyu. Mwamba wa Gangilonga mnapanda kwa miguu, mdogo atahitaji kubebwa kipande cha juu, na kutoka pale mji mzima uko chini yenu. Pandeni saa 10 jioni na mshuke jua halijazama, mkiwa kundi, simu na pochi zisiwe mkononi, kwa kuwa vichaka vya pembeni si salama gizani. Igeleke, pembezoni mwa mji, kuna michoro ya kale kwenye mwamba. Tafuteni mwenyeji awapeleke. Sokoni, mwache binti achague kikapu cha milulu kwa kupatana bei mwenyewe na mama anayekiuza, na aanze kwa kusema "kamwene", salamu ya Kihehe. Bei haitashuka kwa sababu hiyo, lakini mazungumzo yatakuwa mengine. Mkitaka siku nzima ya ukungu na mashamba ya chai, Mufindi. Msimu huu wa Juni na Julai huko ni baridi hasa. Masweta ya Dar hayatoshi.

Kuhusu mkubwa kusema hakuna bahari: ni kweli, hakuna. Msishindane naye. Mtoto wa umri huo ameacha marafiki, na safari moja kubwa ya Ruaha haitampa rafiki hata mmoja. Ningependekeza safari hizi ndogo aende na mwanafunzi mwenzake mmoja, na yeye ndiye apewe kazi ya kupanga: kuulizia nauli, saa za kufungua, nani abebe nini. Akiharibu mpango, uharibike. Kama baada ya miezi kadhaa bado hataki kula, hapati usingizi, anakwepa shule au hata vitu alivyovipenda havimvuti, hilo si suala la mwongoza watalii tena. Muone mwalimu wa malezi na ushauri shuleni ana kwa ana, au mtaalamu wa afya ya akili hospitali ya mkoa.

Mbung'o wapo Ruaha, zaidi kwenye misitu kuliko kwenye maeneo ya wazi kando ya mto. Wanauma mchana, wanafuata kitu kikubwa kinachotembea, yaani gari lenu, na wanavutwa sana na rangi ya bluu na nyeusi. Sare za shule na jinzi ziacheni nyumbani, vaeni rangi ya udongo au kijani iliyopauka, nguo nzito kidogo na mikono mirefu, na mkipita kwenye msitu pandisheni vioo. Dawa ya kupaka inasaidia kwa mbu kuliko kwa mbung'o.

Na malaria, hapa watu wa mjini tunajisahau. Iringa mjini iko juu, zaidi ya mita 1,500, mbu wa malaria hawashamiri kama Dar, kwa hiyo mtakuwa mmeanza kuzembea chandarua. Ruaha iko chini mno kuliko hapa, na joto lake ni la bondeni. Ukishuka kule umerudi kwenye eneo la malaria, hata kama umelala usiku mmoja tu. Kabla ya safari mpeleke mdogo kliniki, uulize kuhusu kinga kwa umri na uzito wake. Usimnunulie dawa dukani kwa kukisia.

Kwa hiyo, nimwache au niende naye? Isimila, Gangilonga, Boma na sokoni nendeni naye. Ruaha mchukueni pia mkiwa mnalala, si kwa siku moja, na dereva akubali tangu mwanzo kwamba saa 5 mnarudi kambini mtoto alale. Ambaye hakubali hilo tafuteni mwingine. Mwenye kampuni mwombeni leseni yake ya utalii muione kabla ya kutoa hata shilingi ya kianzio, hasa kama mmempata mtandaoni kwa bei iliyo chini kuliko za wote. Na mtoto yeyote akipata homa ndani ya wiki chache baada ya kurudi, au akitokea kidonda chenye uvimbe mahali alipoumwa na mdudu, msimpe panadol mkangoja. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, na mtajieni daktari kwamba mlikuwa hifadhini na mliumwa na mbung'o, kwa sababu akikuona unaishi mitaa ya mjini kama Gangilonga au Kihesa anaweza asifikirie kupima malaria wala malale, ugonjwa unaoletwa na mbung'o.